Safari ya Rusumo na Wenye Kuipanga

Neno kutalii na neno mutalaa ni ndugu. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, nalo ni shina la kuangalia jambo kwa makini, kulisoma na kulichungua. Katika Kiswahili cha zamani mtu aliweza kutalii kitabu kama mtu wa leo anavyotalii mbuga. Matumizi yale ya kwanza yamechakaa, na haya ya pili yamestawi hata yamepewa wizara. Hapana ubaya katika hilo, maana lugha iliyo hai hugeuka. Ubaya uko kwa wale wajiitao watalii, wanaowaongoza wanafunzi kwa gharama kubwa hadi ukingoni mwa maji, kisha wakawarudisha nyumbani bila kusoma hata herufi moja ya kilichoandikwa pale.

Habari inayokusudiwa hapa ni safari ya kwenda kuona maporomoko ya Rusumo, katika wilaya ya Ngara, kama inavyopangwa na watu wa Bukoba na Muleba. Mpango wake wafahamika. Kamati huketi chini ya mwalimu mwenye sauti. Jambo la kwanza kuzungumzwa ni basi. La pili ni mchango wa kila kichwa. La tatu, ambalo huchukua muda mrefu kuliko mengine yote, ni chakula: kwamba iwe pilau au iwe ndizi, na kama ni ndizi nani atazimenya usiku, na kwamba soda zihesabiwe mbele ya mashahidi. Kisha huja fulana za rangi moja zenye maandishi kifuani, kisha vipaza sauti vya muziki. Ratiba ikipigwa chapa huonyesha kwamba watu wataondoka alfajiri, watafika mchana, watapiga picha, watakula, watacheza, na saa tisa basi litageuzwa. Maporomoko yenyewe yamepewa nusu saa. Mto haukutajwa popote.

Mbele ya kamati ya namna hiyo husimama aghalabu mtu wa pili, mwenye dharau ya kisomi. Huyu huuliza kwa nini watu wasumbuke kwenda kuona maji yanayoanguka mita 15 tu, katika upana wa mita 40 hivi, hali Afrika hii hii inayo Mosi-oa-Tunya, ambayo Livingstone aliyabandika jina la malkia wake mwaka 1855, yenye kimo cha mita 108 na upana wa mita 1,708. Ati wanafunzi wakusanye fedha miaka miwili, waende Zambezi, waone kitu. Hesabu yake ni sahihi. Kosa lake ni kudhani kwamba maporomoko hupimwa kwa kamba peke yake. Kwa kipimo hicho kaburi la mtu mfupi lingekuwa na heshima pungufu. Tena mtu wa ziwa hili anayo sababu ya pekee ya kutoahirisha. Maporomoko ya Ripon, kule Jinja, ambako maji ya ziwa hutoka kuwa Naili, yalizamishwa na bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954. Ya Bujagali, chini yake kidogo, yalizamishwa na bwawa jingine lililokamilika mwaka 2012. Aliyesema kwamba atakwenda kuyaona akipata nafasi, sasa nafasi anayo, ila mahali hana. Rusumo nayo imekwisha kujengewa mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa, na sehemu ya maji hupitia handakini kwenda kwenye mashine. Umeme ni neema na nchi tatu zilikuwa na haja nao; walakini yasemwe wazi kwamba mtu aendaye leo haoni mto ule ule walioutazama wazee wake.

Basi Rusumo kuna nini? Kwanza kuna jina. Katika Kinyarwanda urusumo ni maporomoko, kwa hiyo asemaye maporomoko ya Rusumo amesema maporomoko ya maporomoko. Hilo si la kumchekea mtu. Ni dalili tu kwamba mahali pale lugha mbili zimekutana na moja haikuisikiliza nyingine. Juu kidogo ya maporomoko mito miwili huungana: Ruvubu, utokao Burundi, na Nyabarongo, utokao milima ya Rwanda na kupitia katika ziwa Rweru. Kutoka hapo maji huitwa Kagera. Huelekea kaskazini, yakiwa mpaka wa Rwanda na Tanzania, kisha hupinda mashariki kwenye mpaka wa Uganda, hukata nchi ya Tanzania penye daraja la Kyaka, na mwisho huingia ziwani katika ardhi ya Uganda, kaskazini ya Bukoba. Mkoa mzima umechukua jina lake. Kabla ya vita vya 1978 na 1979 mkoa uliitwa Ziwa Magharibi, jina la mtu aliyekuwa akitazama ramani kutoka mbali; baada ya vita ukaitwa Kagera. Mwanafunzi wa Muleba huliandika jina la mto huu katika kila fomu anayojaza, na yamkini hajapata kuambiwa maji yake yanatoka wapi.

Hata mpaka wenyewe, ambao wapiga picha husimama juu yake wakicheka kwamba mguu mmoja uko Rwanda, si wa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Waingereza na Wabelgiji walipogawana mali ya Mjerumani mwaka 1919, nchi ya Gisaka, ng'ambo ya mto, ilitiwa upande wa Tanganyika kwa ajili ya reli ambayo haikujengwa kamwe. Miaka michache baadaye ikarudishwa Rwanda. Watu walihamishwa kutoka himaya moja hadi nyingine na kurudi, nao wako palepale katika migomba yao.

Mwezi wa Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka mto hapo akaingia Rwanda. Huyu ndiye aliyekuja kuwa gavana wa koloni la Wajerumani vilipotokea vita vya Maji Maji mwaka 1905. Wanafunzi hukariri jina lake kwa ajili ya mtihani, kisha husimama mahali alipovukia, wakanywa soda, bila mtu kuwaambia. Mwaka 1898 akapita Richard Kandt, akaufuata mkono wa Nyabarongo kuelekea juu, hata akafika katika msitu wa Nyungwe na kutangaza kwamba huko ndiko iliko chemchemi ya Naili. Haya ni ya kupendeza kuyajua. Lakini mgeni aliyeacha neno zito kuliko hao hakufika Rusumo. Alikaa chini zaidi, kwa jirani wa Bukoba, katika Karagwe.

John Hanning Speke aliingia Karagwe Novemba 1861, akapokelewa na mfalme Rumanyika kwa ukarimu ambao yeye mwenyewe aliusifu. Mwaka 1863 alitoa kitabu cha safari yake, na ndani yake aliweka nadharia kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa, Wahima na wenziwao, walikuwa uzao wa watu wa Uhabeshi waliokuja na kuwatiisha wenyeji walio duni kwao. Ushahidi wake ulikuwa sura za watu na dhana alizotoka nazo kwao. Alimtazama mwenyeji wake, aliyempa nyumba na chakula, akamfanya mgeni katika nchi yake mwenyewe. Nadharia hiyo haikubaki kitabuni. Wamisionari waliifundisha, watawala waliitumia kuchagua nani awe mtwana na nani awe bwana, na katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji katika Rwanda uliwaandika watu kabila zao katika vitambulisho. Kisha, tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera aliwahutubia wafuasi wa chama chake mahali paitwapo Kabaya, akasema kwamba nyumbani kwa Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watapelekwa huko upesi kwa njia ya Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016 kwa maneno hayo.

Nyabarongo ni maji ya Rusumo. Msomaji na alitazame jambo hili bila haraka. Maneno yaliyoandikwa na mgeni aliyelala Karagwe yalizunguka katika shule, makanisa na ofisi kwa miaka mia moja na thelathini, yakafika kinywani mwa mtu wa Kabaya. Na mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, maiti zilitupwa mtoni kwa maelfu, zikashuka na maji, zikaanguka pale Rusumo, zikazungushwa katika povu chini ya mwamba, zikaendelea kaskazini, zikapita kando ya Karagwe ile ile, zikapita Kyaka, zikafika ziwani. Katika Uganda watu wa Kasensero, Lambu na Ggolo walizitoa majini wakazizika, zaidi ya elfu kumi, na makaburi yapo. Watu wengi wa ukingo wa ziwa waliacha kula samaki kwa muda. Mzee wa Bukoba au wa visiwa vya Muleba aliyekuwa na akili zake mwaka ule hahitaji kitabu kumkumbusha. Mjukuu wake ndiye anayevaa fulana na kwenda kupiga picha.

Lakini hata pale ambapo mwongozaji hujitahidi kusema neno, neno lenyewe huwa la kupotosha. Husema: hapa ndipo walipovukia wakimbizi wa mauaji ya kimbari. Wanafunzi huitikia, hunyamaza dakika moja, na huondoka na uongo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 walivuka daraja la Rusumo, katika muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000, wakaja kuketi Benaco, pakawa mji wa turubai. Waliokuwa wakivuka, kwa wingi wao, hawakuwa wale waliokuwa wakiuawa. Walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la RPF lililokuwa likisonga mbele. Wengi walikuwa raia wenye hofu ya haki, wazee, wanawake na watoto wa mgongoni, na miongoni mwao walikuwamo wauaji. Waliouawa walikuwa chini ya daraja, majini. Siku zile mtu aliyesimama pale aliona juu umati unaotembea na chini umati usiotembea, na asiyeambiwa tofauti ya hao wawili hakuambiwa kitu.

Tofauti hiyo si ya kubahatisha. Imechunguzwa mahakamani, tena katika nchi hii. Sylvestre Gacumbitsi alikuwa mkuu wa komuni ya Rusumo, upande wa pili wa maji, na katika komuni hiyo ndimo lilimo kanisa la Nyarubuye, ambamo watu waliokimbilia hifadhi waliuawa Aprili 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2004, na mwaka 2006 rufani ikafanya adhabu yake kuwa kifungo cha maisha. Hukumu hiyo inasomeka na mtu yeyote mwenye subira. Aibu ni kwamba ilitolewa katika nchi isemayo Kiswahili, juu ya mambo yaliyotendeka hatua chache kutoka mpaka wa Kiswahili, nayo ikaandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Idara za lugha hutoa shahada kwa watu waliofasiri hadithi za kubuni. Ni kazi gani bora ya kumpa mwanafunzi wa tafsiri kuliko kurasa thelathini za hukumu ile? Wenye kulalamika kwamba hapana maandishi ya kuwasomea vijana kabla ya safari ndio wenyewe waliopewa kazi ya kuyatengeneza.

Zipo hoja mbili za kujibiwa. Ya kwanza husema kwamba vijana wana haki ya furaha, wamechoka na mitihani, na si vyema kuwachukua mwendo wa siku nzima ili kuwahuzunisha. Hapana anayetaka watu walie kwa ratiba. Pilau iliwe, na muziki upigwe, lakini upigwe Ngara mjini jioni, si juu ya mwamba ule. Mhaya huwazika watu wake katika kibanja, kati ya migomba, na makaburi hayo huyapita kila siku akienda kukata ndizi. Huyapita akicheka na akizungumza, wala hapana anayemlaumu. Lakini asingekubali vijana wageni walete vipaza sauti wakacheze juu yake na kujipiga picha. Wanyarwanda waliopoteza watu katika mito huja ukingoni wakati wa kumbukumbu zao na kutupa maua majini. Kwao maji yale ni kibanja. Inatosha kulijua hilo ili mtu ajue pa kuweka spika yake.

Hoja ya pili ni ya hila zaidi. Husema kwamba mambo haya ni ya Rwanda, na Mtanzania hana haja ya kubeba mzigo wa jirani. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mto ungeishia mpakani. Karagwe ilikohifadhiwa nadharia ya Speke ni Tanzania. Benaco ni Tanzania, na miti iliyokatwa kuwapikia wakimbizi ilikuwa ya Ngara na Karagwe. Desemba 1996 serikali iliyowapa wakimbizi makao ndiyo iliyoagiza warudi kwao, na karibu nusu milioni walirudishwa, wengi wakipita daraja lile lile, si wote kwa hiari. Mgawanyo wa Wahima na Wairu, ambao Speke aliushika kama mtu aliyeokota ufunguo, ulikuwamo hata katika falme za Wahaya wenyewe, na wapo mpaka leo watu wa Bukoba na Ihangiro wanaojua ukoo wa jirani umesimama upande gani, ingawa hawasemi mbele ya watoto. Kagera haikuuana kwa ajili ya mgawanyo huo. Kwa nini haikuuana, ni swali ambalo mwanafunzi wa Muleba angeweza kulijibu vizuri kuliko profesa wa ng'ambo, kama angeulizwa. Safari ya Rusumo ndiyo mahali pa kumuuliza.

Ikiwa hivyo ndivyo, safari haina budi kupangwa kwa kufuata maji, nayo ichukue siku mbili wala si moja. Kwenda, basi lipite Kemondo na Muleba, ziwa likiwa upande wa kushoto na vilima vya migomba na kahawa upande wa kuume, lifike Biharamulo penye boma la Wajerumani, kisha Lusahunga, ambako magari madogo huisha na malori ya Kigali na Bujumbura huanza kutawala barabara. Kutoka hapo hadi mpakani ni kilomita 92. Benaco iko njiani. Wengi huipita wakisinzia. Mahali pa mpaka, penye daraja na mtambo wa umeme, si pa kuvamia na kamera, kwa hiyo ruhusa iombwe kwa barua mapema, na barua ieleze sababu. Mara nyingi sababu njema hupata mwenyeji mwema wa kuongoza. Msimu unaopendwa na kamati ni Julai, kwa kuwa barabara ni kavu. Afadhali mwisho wa Aprili, wakati wa masika, maji yakiwa mengi na tarehe zikiwa zile zile. Matope yatakuwapo. Walioivuka Aprili ya 1994 pia walivuka katika mvua.

Kabla ya kuondoka kila mwanafunzi akae na mtu mzima wa nyumbani kwake amwulize jambo moja: mwaka ule samaki walipokataliwa, nyumba hii ilikula nini, na watu walisema nini? Ayaandike majibu, kwa Kihaya au kwa Kiswahili, kama yalivyotoka kinywani. Daftari hilo lina thamani kuliko fulana, na gharama yake ni ndogo kuliko soda. Kamati inayoona kazi hii ni nzito yafaa iseme waziwazi kwamba inachotafuta ni karamu, ikodi ufuo wa ziwa pale Bukoba, iache kusingizia elimu.

Kurudi, basi lisirudi kwa njia iliyokwenda. Lipande Karagwe, nchi ya Rumanyika, na ndani ya basi asomwe Speke katika sura anayomweleza mwenyeji wake, kisha wanafunzi waachwe wabishane mpaka wachoke. Yasiposomwa maneno yake mwenyewe, vijana watadhani kwamba maneno mabaya husemwa na watu wabaya tu wenye sura za kutisha. Speke alikuwa mtu mwenye adabu, mpenda kuwinda, aliyempenda Rumanyika. Kisha watelemke Kyaka. Hapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja Novemba 1978, na hapo ndipo jina la mto lilipopata damu ya Watanzania wenyewe, jambo ambalo walau hilo hufundishwa shuleni. Wanafunzi washuke wasimame juu ya daraja. Hakuna maporomoko Kyaka, wala kishindo. Mto ni mpana, una rangi ya udongo, huenda polepole kati ya mafunjo. Maji yaliyoanguka Rusumo hupita hapo baada ya safari ndefu kuliko ya basi, na anayeyaangalia kwa muda mfupi hawezi kujua kwamba yamepata kuanguka. Wapewe hapo saa nzima, bila muziki, kabla ya kuingia tena garini kwenda Bukoba, ambako watafika usiku.